August Krogh: mtu aliyepima jinsi mafuta yanavyoungua mwilini

Mama, kama umewahi kumpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, kisha na wewe ukapanda kwenye mizani na kushuka kimya kimya, makala haya ni yako.

Katika kazi yangu ya kutembelea kaya, maswali mawili kuhusu mazoezi hayaishi. La kwanza: nitembee polepole ili mafuta yaungue, au nikimbie? La pili: mbona najitahidi, jasho linanitoka, na kilo hazishuki? Kuna mama mmoja niliyemkuta amevaa sweta mbili na kujifunga nailoni tumboni. Alikimbia siku tatu, siku ya nne magoti yakamuuma, akaacha kabisa. Mwingine aliambiwa kwamba akienda haraka atachoma sukari tu na mafuta yatabaki palepale, basi akawa anatembea kama anayesindikiza mgeni. Wote wawili walikuwa na nia njema. Wote wawili walikuwa wamesikia nusu ya habari.

Habari hiyo ilianza kupimwa kwa makini zaidi ya miaka 100 iliyopita, huko Denmark. Mmoja wa watu walioipima ni August Krogh. Nakusimulia maisha yake kwa sababu ukiyafuata, utauelewa pia mwili wako.

Mtoto wa mji wa bandari

August Krogh alizaliwa tarehe 15 Novemba 1874 huko Grenaa, mji mdogo wa bandari. Tangu utotoni alipenda kuchunguza wadudu na kufanya majaribio kwa mikono yake. Alipofika Chuo Kikuu cha Copenhagen alisomea wanyama, kisha akaingia katika maabara ya profesa Christian Bohr, aliyekuwa akichunguza jinsi damu inavyobeba hewa. Mwaka 1903 Krogh alipata shahada ya udaktari wa falsafa kwa utafiti kuhusu chura: ni hewa kiasi gani inapita kwenye ngozi yake, na kiasi gani kwenye mapafu.

Huko ndiko alikokutana na Marie Jørgensen, msichana aliyekuwa akisomea udaktari wa binadamu. Walioana mwaka 1905. Walipata watoto wanne, na kwa miaka mingi familia iliishi katika jengo moja na maabara. Marie alikuwa mama, daktari mwenye wagonjwa wake, na mtafiti wa mapafu kwa wakati mmoja. Kama unajiona huna nafasi hata ya kukaa, utamwelewa.

Mwaka 1908 mume na mke walisafiri hadi Greenland, nchi ya barafu ambako wakati huo watu waliishi zaidi kwa nyama na mafuta ya wanyama wa baharini. Walitaka kujua mwili wa mtu anayekula hivyo unapata wapi nguvu. Swali hilo halikumwacha tena Krogh: misuli inapofanya kazi, inachoma nini?

Baiskeli isiyokwenda popote

Ili kulijibu swali hilo alihitaji kujua mambo mawili: mtu anafanya kazi kiasi gani, na anatumia hewa kiasi gani. Mwaka 1913 alitoa maelezo ya kifaa alichokibuni, baiskeli ya kupimia. Haikwenda popote. Ilizuiwa kwa nguvu ya umeme, na uzito wa kuikanyaga uliweza kuongezwa au kupunguzwa kwa kipimo. Mtu aliendesha, na hewa aliyoivuta na kuitoa ilipimwa.

Kwa nini hewa? Hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo ilipo siri yote. Mwili unapochoma wanga, yaani nguvu ya ugali, wali, mihogo au sukari, kiasi cha hewa ukaa tunachotoa kinalingana na oksijeni tuliyotumia. Unapochoma mafuta, kwa kila sehemu 10 za oksijeni tunatoa takriban sehemu 7 tu za hewa ukaa. Kwa hiyo ukipima pumzi ya mtu, unaweza kukadiria ni moto upi unaowaka ndani yake.

Kutokana na hilo utaona pia kwamba mafuta hayatoki kwa jasho. Mafuta yakishaungua hubaki hewa ukaa na maji, na sehemu kubwa hutoka kwa pumzi. Jasho kazi yake ni kupooza mwili. Yule mama wa sweta mbili alipoteza maji, na alipokunywa kikombe cha kwanza uzito ulirudi. Nailoni tumboni haiyeyushi kitambi. Inaongeza joto tu, na joto kali pamoja na upungufu wa maji ni hatari, zaidi kwa mama anayenyonyesha.

Mwaka 1920 Krogh na mwenzake, daktari Johannes Lindhard, walitoa matokeo ya kazi ndefu. Watu waliojitolea walikula chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa siku kadhaa, na nyakati nyingine wakala chakula cha wanga mwingi, kisha wakaendesha baiskeli ile. Ilionekana kwamba wakati wote mwili huchoma vyote viwili, wanga na mafuta, kwa mchanganyiko unaobadilika. Aliyekula mafuta zaidi alichoma mafuta zaidi. Aliyekula wanga zaidi alichoma wanga zaidi. Tena kazi iliyofanywa kwa mafuta iligharimu nguvu zaidi kidogo, takriban asilimia 11, na walioshindia mafuta walichoka upesi.

Angalia jambo hili kwa makini. Kuchoma mafuta mengi kwa sababu umekula mafuta mengi si kupungua. Hapo unachoma kile ulichoingiza leo. Ili uchote kwenye akiba ya kiunoni, lazima kinachotoka kizidi kinachoingia, siku baada ya siku.

Sehemu kubwa si lazima iwe kiasi kikubwa

Kazi ile iliendelezwa na vijana waliokuja nyuma yao. Mwaka 1939, Erik Hohwü Christensen na mwenzake Hansen walionyesha waziwazi kwamba mchanganyiko hubadilika pia kwa ukali wa kazi. Kazi ikiwa nyepesi, sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwenye mafuta. Kazi ikizidi kuwa nzito, misuli hutegemea zaidi wanga. Na kazi ya wastani ikiendelea kwa muda mrefu, mafuta huchukua nafasi zaidi kadiri dakika zinavyokwenda.

Hapo ndipo ilipozaliwa habari ya kutembea polepole ili mafuta yaungue. Si uongo, ila ni nusu. Tufanye hesabu ya mfano. Mama wa kwanza anatembea nusu saa na mwili wake unatumia kalori 120. Nusu yake inatoka kwenye mafuta, yaani kalori 60. Mama wa pili anakimbia nusu saa, mwili wake unatumia kalori 270. Theluthi tu inatoka kwenye mafuta, lakini theluthi hiyo ni kalori 90. Nusu ya chungu kidogo inaweza kuwa ndogo kuliko theluthi ya chungu kikubwa.

Je, basi wote tukimbie? Subiri kwanza. Mazoezi yakiisha, mwili haulali. Aliyechoma wanga mwingi akikimbia, baadaye akipumzika huchoma mafuta zaidi ili akiba ya wanga irudi. Kwa hiyo ukitazama siku nzima, si muhimu sana ni kitu gani kiliungua katika ile nusu saa. Muhimu ni jumla ya nguvu uliyotumia, chakula ulichokula, na kama kesho utarudia. Mama wa pili akiumia magoti siku ya nne, na wa kwanza akaendelea miezi sita, unajua mwenyewe nani atakuwa mbele.

Milango midogo ndani ya misuli

Mwaka huohuo wa 1920 Krogh alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuipata kwa sababu ya baiskeli, ila kwa jambo jingine linalokuhusu. Alionyesha kwamba ndani ya msuli kuna mishipa ya damu midogo sana, myembamba kuliko unywele, na kwamba msuli ukipumzika mingi kati ya hiyo huwa imefungwa. Msuli ukianza kazi, mishipa inafunguka, damu inapita, na oksijeni na chakula vinaifikia kila sehemu.

Tangu hapo tumejifunza zaidi. Mtu akizoea mazoezi kwa wiki kadhaa, misuli yake huongeza mishipa hiyo, na uwezo wa kuchoma mafuta kwa kasi ileile huongezeka. Ndiyo maana wiki ya kwanza unahema kwenye kilima na wiki ya nane unapanda ukizungumza. Mizani inaweza kuwa haijasogea, lakini mwili umebadilika. Mama anayeacha wiki ya pili kwa sababu ya mizani huacha wakati kazi ndiyo kwanza inaanza.

Kisukari chaingia nyumbani

Mwaka 1921, mwaka mmoja tu baada ya tuzo, iligundulika kwamba Marie ana kisukari, kile kinachowapata watu wazima. Wakati huo tiba kubwa ilikuwa kubana chakula vikali. Fikiria nyumba hiyo: mama wa watoto wanne, daktari mwenyewe, anayejua vizuri ugonjwa huo hufika wapi.

Mwaka 1922 Krogh alialikwa kutoa mihadhara Marekani, na Marie akafuatana naye. Kule walisikia habari za insulini, dawa mpya iliyopatikana Toronto, Kanada. Marie ndiye aliyemhimiza mumewe waende kuiona. Walikwenda, wakarudi na ruhusa ya kuitengeneza Denmark. Pamoja na daktari Hans Christian Hagedorn, na kwa fedha za mwenye kiwanda cha dawa August Kongsted, walianza kazi mara moja, na mwaka 1923 wagonjwa wa Denmark walikuwa tayari wanatibiwa. Maabara yao, Nordisk, ilikua, na mwaka 1989 iliungana na nyingine kuwa kampuni ya Novo Nordisk, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa insulini duniani. Leo mtoto mwenye kisukari anayechomwa sindano asubuhi anaishi kwa sababu watu kama hao hawakukaa kimya.

Nakueleza haya kwa sababu mama wengi wanataka kupungua ili gauni liwatoshe. Si vibaya. Lakini kubwa zaidi ni hili: misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi vizuri. Kila unapotembea kwa haraka, unaisaidia damu yako siku hiyohiyo, kabla mizani haijaona chochote. Kama uliwahi kuambiwa una sukari wakati wa ujauzito, wewe uko katika hatari zaidi ya kupata kisukari baadaye. Mwendo wako si urembo tu, ni kinga.

Msiba, vita na nzige

Marie aliishi na kisukari zaidi ya miaka 20 na aliendelea na kazi yake. Alifariki mwaka 1943 kwa saratani ya matiti. Denmark ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, na mwaka 1944 Krogh mwenyewe alilazimika kujificha na kukimbilia Sweden. Vita vilipokwisha alirudi, akastaafu chuo kikuu mwaka 1945, lakini hakuacha kupima. Binti yake mdogo, Bodil, alikuwa mtafiti wa miili ya wanyama kama baba yake.

Miaka yake ya mwisho aliitumia, pamoja na kijana Torkel Weis-Fogh, kumchunguza nzige wa jangwani, huyuhuyu anayekula mashamba ya Afrika Mashariki. Walimrusha mbele ya upepo wa mashine na kupima hewa anayotumia. Kazi hiyo ilikuja kuonyesha kwamba nzige anaporuka safari ndefu huendeshwa zaidi na mafuta aliyoyaweka akiba. Mwanzo wa safari hutumia sukari, kisha akiendelea, mafuta hushika zamu. Krogh alifariki Copenhagen tarehe 13 Septemba 1949.

Wewe ufanye nini?

Maisha ya Krogh yanatupa jibu rahisi kwa maswali yale mawili. Usitafute kasi ya ajabu ya kuchoma mafuta. Tafuta kasi unayoweza kuirudia kesho, na ukishaizoea, iongeze kidogo.

*Pima kwa mdomo wako.* Huhitaji baiskeli ya maabara. Ukiweza kuimba, unakwenda polepole mno. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hiyo ni kasi ya wastani, na ni nzuri kwako. Ukitoa maneno machache tu kisha ukavuta pumzi, hiyo ni kasi kali. Itumie kwa vipindi vifupi ukishazoea.

*Lenga dakika 150 kwa wiki.* Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali dakika 75 hadi 150, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Unaweza kuigawa: dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 jioni. Kushuka kituo kimoja kabla ya chako na kumaliza safari kwa miguu kunahesabika, mradi uende kwa haraka. Mtoto mgongoni naye ni uzito.

*Ongeza kidogo kidogo.* Baada ya wiki mbili au tatu, weka dakika moja ya mwendo wa kasi sana kila baada ya dakika tano. Usiruke kutoka kukaa hadi kukimbia.

*Tazama sahani na chupa.* Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Matembezi yale ya kalori 120, bila kubadilisha chakula, yatachukua zaidi ya siku 60 kuimaliza. Na soda moja ya chupa inaweza kuyarudisha yote. Simaanishi usile. Punguza sukari kwenye chai, soda na vya kukaanga, ongeza mboga na maharage. Mazoezi na sahani hufanya kazi pamoja.

*Kama umejifungua karibuni*, anza na matembezi mepesi mwili ukiwa tayari. Kama ulijifungua kwa upasuaji au ulipata matatizo, uliza kwanza kituo cha afya. Mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa. Kinachokudhuru ni kujinyima chakula na maji wakati unanyonyesha.

*Kama unatumia dawa za kisukari*, zungumza na mhudumu wako kabla ya kuongeza mazoezi, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno. Beba kitu kitamu mfukoni.

*Acha na uende kituo cha afya haraka* ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu kikali, kuishiwa pumzi usikokutarajia, kutoka damu nyingi ukeni baada ya kujifungua, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Wale mama wawili wa mwanzo sasa hutembea pamoja jioni, watoto wakiwa wameachwa kwa bibi. Mmoja amepunguza sweta, mwingine ameongeza mwendo. Wanazungumza njia nzima, lakini hawawezi kuimba. Kesho jioni, ukimaliza kazi za nyumbani, vaa viatu unavyoweza kutembea navyo, mwite jirani, na mwende.